Mlinzi wa Gereza Achota Maji



Somo letu ni Matendo ya Mitume, sura ya 16, tangu mstari wa 19 hata mwisho. Tafadhali lisomeni kwanza nyumbani kwa sauti, ndipo mrudi kwenye ukurasa huu. Ni sura tuipendayo sana. Wanakwaya huipenda kwa sababu ya nyimbo za usiku wa manane, wahubiri kwa sababu ya tetemeko na milango iliyofunguka, na walimu wa ubatizo kwa sababu nyumba nzima ilibatizwa kwa pamoja. Lakini katikati ya mambo hayo makubwa Luka ameweka jambo dogo ambalo hupitwa mbio. Mlinzi wa gereza aliwachukua Paulo na Sila usiku ule ule, akawaosha mahali walipopigwa. Baada ya hapo ndipo alipobatizwa yeye na watu wake. Miaka mingi nilikuwa nikiwauliza wanachuo wa ualimu, ni nani aliyetangulia kuoshwa usiku ule? Wengi walijibu upesi kwamba ni mlinzi. Sivyo. Wafungwa ndio waliotangulia.

Ningependa leo tukae kidogo juu ya maji hayo, kwa maana mitaani mwetu wapo watu wengi wenye mapigo ya namna ile, nasi hatuwaoni.

Filipi ulikuwa mji wa Makedonia uliowekwa chini ya desturi za Kirumi, na mahakimu wake walifuatana na maofisa wenye kubeba fimbo. Fimbo hizo ndizo zilizotumika. Angalieni basi aina ya silaha. Mjeledi hupasua ngozi, na damu huonekana. Fimbo haina haja ya kupasua. Nguvu yake hupenya ndani ikaiponda nyama kati ya ukuni na mfupa. Mishipa midogo ya damu hupasuka, na damu hutoka katika njia yake ikatuama chini ya ngozi. Hapo ndipo tunaposema damu imevilia. Kisha maji ya mwili nayo hukusanyika, na mahali pale huvimba, hupata joto, hukaza.

Vitabu vingi vya huduma ya kwanza tulivyosomea viliandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya. Vinasema pigo huwa jekundu, kisha huwa bluu na zambarau, halafu kijani, halafu manjano hata lipotee. Ni kweli kwa ngozi nyeupe. Kwa ngozi yetu, pigo laweza kuonekana kama weusi uliozidi kidogo, au lisionekane kabisa. Ndiyo sababu mtu hufunuliwa mgongo, akatazamwa, akaambiwa, “Mbona huna kitu?” Ngozi yetu yataka kushikwa, siyo kutazamwa tu. Pitisha nyuma ya mkono wako polepole, linganisha upande wa kulia na wa kushoto, utafute penye joto, penye ugumu, na mahali ambapo mwenzako atashtuka. Naamini mlinzi yule hakuona mengi kwa mwanga wa taa alizoziita. Lakini mtu hawezi kumwosha mwingine mgongo bila kumgusa, na alipogusa alijua.

Nisiwatie hofu bure. Mapigo mengi madogo hupona yenyewe. Mwili huinyonya damu ile kidogo kidogo, na katika muda wa majuma mawili hivi habari imekwisha. Watoto wetu wanaocheza mpira wa makaratasi huwa na magoti na miundi iliyogongwa kila siku, na hilo ni jambo la afya. Wazee nasi ngozi yetu ni nyembamba, tukigusa kona ya meza tu damu imekwisha kuvilia. Tena, mtoto anayevilia damu mara kwa mara bila kugongwa apelekwe kwa daktari apimwe damu, kwa maana yako magonjwa yanayoleta hali hiyo, na si haki kumtuhumu mama yake kabla hajapimwa.

Hatari kubwa ni nyingine. Katika vita ya pili ya dunia, mji wa London ulipigwa mabomu na Wajerumani usiku baada ya usiku, mwaka 1940 na 1941. Watu walifukuliwa chini ya kuta wakiwa hai, baada ya mguu au mkono kukandamizwa saa nyingi. Walizungumza, walishukuru, walionekana wamepona. Kisha kiungo kile kilivimba, mkojo ukapungua na kuwa mweusi-mweusi, figo zikashindwa, na wengine wakafa katika siku chache. Daktari Eric Bywaters wa hospitali ya Hammersmith, pamoja na mwenzake Desmond Beall, waliandika habari hizo mwaka 1941, na tangu hapo ulimwengu umejua sababu. Msuli uliopondwa hufa, na ukifa huachia vitu vyake katika damu. Kimoja huziba figo. Kingine kikizidi chaweza kuusimamisha moyo. Mzigo ukiisha kuondolewa, ndipo sumu hiyo hupata njia ya kwenda. Ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, tarehe 16 Novemba 2024, sote tulimshukuru Mungu kwa kila mtu aliyetolewa akiwa hai. Ilikuwa haki kushukuru. Lakini kwa mtu aliyebanwa hivyo, kutolewa ni mwanzo wa matibabu yake.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo somo linapotugusa. Msuli haujui kama umepondwa na ukuta au na fimbo. Afrika Kusini, mahali ambapo washukiwa wa wizi wamepigwa mitaani kwa mjeledi mzito uitwao sjambok, madaktari wameandika mara nyingi juu ya wagonjwa walioharibika figo kwa kipigo peke yake, bila kuvunjika mfupa hata mmoja. Nasi huku kwetu husoma magazetini juu ya “wananchi wenye hasira kali”. Ni maneno ya ajabu, yanaifanya hasira kuwa kama mvua ya mawe, isiyo na mwenyewe. Wananchi hao wana majina. Baadhi yao wana kadi za ushirika.

Kijana akamatwa na kuku au betri ya pikipiki, au ashukiwa tu. Anapigwa kwa fimbo, mateke na waya, matakoni, mapajani, mgongoni. Mtu mmoja mwenye huruma anasema, “Basi, imetosha, mwacheni aende.” Kijana anaondoka akichechemea, anafika nyumbani, analala. Hatoki damu, kwa hiyo mama yake anasema afadhali. Siku ya pili anatapika. Mkojo wake ni mchache, una rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Siku ya nne au ya tano anazikwa, na watu wananong'ona kwamba labda alilishwa kitu. Hakulishwa kitu. Kama angefikishwa hospitali siku ile ile akatundikiwa maji ya kutosha katika mshipa, huenda angalikuwa hai, naye akajibu mashtaka yake mbele ya hakimu kama inavyopasa.

Kwa hiyo mtu aliyepigwa sana, au aliyekandamizwa na gari, ukuta, gogo au kifusi cha shimo la mchanga, asiachwe alale peke yake kwa sababu tu hatoki damu. Apelekwe hospitali hata kama anatembea. Mtazameni mkojo wake. Msamaria yule wa Luka 10 tunamsifu kwa mafuta na divai, lakini someni tena: alikuwa na majeruhi wake usiku kucha pale nyumba ya wageni, na dinari mbili alizitoa siku ya pili yake. Tena akaahidi kurudi. Nadhani alijua kwamba usiku una habari zake.

Turudi Filipi. Luka asema miguu yao ilitiwa katika mkatale. Vijana wa leo hawajauona. Ni mbao mbili nzito zenye matundu, zinazofungwa juu ya vifundo vya miguu hata mtu asiweze kugeuka. Mgongo umepigwa kwa fimbo, na vifundo vinabanwa kwa ubao! Kiungo hakikuumbwa kibanwe hivyo. Na kubanwa ni jambo la kuangaliwa sana, kwa sababu mara nyingi sisi wenyewe tunabana tukidhani tunatibu.

Daktari mpasuaji wa Ujerumani, Richard von Volkmann, aliandika mwaka 1881 juu ya watu waliofungwa bendeji kwa kukaza mno, vidole vyao vikajikunja kama makucha ya ndege visikunjuke tena. Misuli ya mkono na ya mguu imefungwa ndani ya mifuko migumu isiyotanuka. Uvimbe ukiingia ndani ya mfuko, au kamba ikikaza nje yake, damu haipiti, na katika muda wa saa 6 hivi nyama huanza kufa bila kurudi. Jambo hilo hutokea hata leo kwa mabanzi ya mianzi yanayofungwa na mafundi wa kuunga mifupa. Siwadharau mafundi hao. Wengine wana mikono myepesi, na wamesaidia watu mahali palipokuwa hapana zahanati. Lakini mtoto akifungwa banzi kisha akalia usiku kucha, msimwambie avumilie kama mwanamume. Maumivu yanayozidi baada ya kufungwa, vidole vya baridi, vidole vyenye ganzi, maumivu makali ukivinyoosha vidole: hizo ni dalili za kulegeza kamba mara moja na kukimbia hospitali, iwe ni usiku wa manane. Bonyeza ukucha uwe mweupe, kisha uachie. Wekundu ukichelewa kurudi, damu haifiki.

Na vijana wa mpira wanaoteguka vifundo kila Jumamosi? Hapa nina ugomvi wa siku nyingi na maji ya moto. Mtu ameteguka sasa hivi, mishipa ingali inavuja, anakamatwa na jamaa watatu, anachuliwa kwa mafuta ya moto na chumvi, na kiungo kinavutwa hata kilie. Wanasema wanairudisha damu njiani. Kumbe wanaifungulia mlango! Siku mbili tatu za kwanza, usichue, usikande kwa moto, wala usimpe pombe. Mpumzishe. Weka kitambaa kilicholowekwa katika maji baridi ya mtungi, au barafu iliyofungwa ndani ya nguo, dakika 15 au 20, kisha uondoe. Funga bendeji kwa wastani, ikiwa kidole chako kimoja chaweza kupita chini yake. Inua mguu juu ya mto. Asipoweza kukanyaga hata hatua nne, au kiungo kikiwa kimepinda, apigwe picha ya eksirei. Mmarekani Gabe Mirkin, aliyeeneza mafundisho ya namna hii mwaka 1978, alijisahihisha mwenyewe mwaka 2014, akasema barafu ikiwekwa muda mrefu huchelewesha kupona, kwa maana uvimbe kidogo ni kazi ya mwili wa kujitengeneza. Basi baridi ni ya kutuliza maumivu ya saa za kwanza, siyo ya juma zima. Napenda mtaalamu anayejisahihisha.

Maji, basi. Nayo ndiyo aliyokuwa nayo mlinzi.

Lakini yuko mtu mwingine aliyepigwa, ambaye hafiki kwetu akichechemea kutoka sokoni. Anakuja kanisani amevaa mikono mirefu siku ya jua kali, au amejifunika kanga mpaka kidevuni. Ukimwuliza anasema aliteleza bafuni. Juma la tatu aligongwa na mlango. Mlango gani huo usiomgonga mtu mwingine katika nyumba ile? Mtu anayeanguka huumia mara nyingi mahali palipotokeza mbele: magoti, viganja, viwiko, paji la uso. Upande wa ndani wa mkono, nyuma ya masikio, shingoni, mgongoni: huko mtu haangukii kwa urahisi. Na aliyekabwa shingo, hata kama hana alama, apelekwe hospitali, kwa sababu koo laweza kuvimba baadaye.

Akina mama wa Umoja, nyinyi mnatembeleana majumbani kuliko sisi wanaume. Msimwulize mbele ya mumewe. Msimwulize katika kikao. Kaeni naye jikoni mnapochambua mchele, mkamwambie, “Mama, nimeona unakaa kwa shida.” Kisha mnyamaze. Akisema si kitu, msimlazimishe. Rudini juma lijalo. Nimesikia wakubwa wakisema ya ndani yabaki ndani. Mimi nasoma kwamba milango ya ndani ilifunguka yote.

Na watoto. Nilifundisha miaka mingi, na najua walimu wenzangu watasema mzee amekwisha kuwa laini. Kenya iliondoa viboko mashuleni mwaka 2001. Kwetu Tanzania Bara kanuni zingali zinaviruhusu, lakini haziruhusu vizidi vinne, tena ni kwa mwalimu mkuu au yule aliyemwidhinisha kwa maandishi. Fimbo kumi na tano mgongoni hazimo katika kanuni yo yote. Mwezi wa Agosti 2018, mjini Bukoba, mwanafunzi wa darasa la tano alikufa baada ya kipigo shuleni. Alituhumiwa kuiba pochi. Naomba kila mwalimu anayesoma hapa akae juu ya sentensi hiyo. Mwili wa mtoto ni mdogo. Kipigo ambacho mtu mzima atakisahau, kwa mtoto kimepita kwenye figo na bandama. Mtoto akirudi nyumbani hataki kukaa, mvueni shati mkamtazame, na kwa mikono pia, kama nilivyosema juu.

Sasa asubuhi ya Filipi, ambayo wahubiri wengi hawaifikii kwa sababu wamechoka na tetemeko. Kulipokucha mahakimu waliwatuma wenye fimbo, wale wale, kumwambia mlinzi awaache watu wale waende. Mlinzi alifurahi, akawaletea habari, akawatakia safari ya amani. Ni mtu mwema, ameosha mapigo, amewalisha mezani kwake, anataka yaishe. Paulo akakataa. Akasema wamepigwa mbele ya watu wote bila kuhukumiwa, nao ni raia wa Rumi, na sasa wanataka kuwatoa kwa siri? Waje wenyewe. Mahakimu wakaogopa, wakaja, wakawasihi.

Kwa nini Paulo, aliyefundisha kusamehe, alifanya vile? Hakudai fidia. Hakuomba mtu apigwe. Alidai tu kwamba jambo lililofanyika mchana kweupe lisifutwe kimya kimya alfajiri. Nadhani aliwafikiria Lidia na ndugu wachache wa mji ule, waliobaki chini ya mahakimu wale wale na fimbo zile zile.

Ndugu wazee wa kanisa, nasema nanyi kwa heshima, mimi nikiwa mzee mwenzenu. Ni mara ngapi tumeketi chini ya mwembe tukamaliza neno kwa mbuzi mmoja na kreti ya soda? Aliyepiga ameleta mbuzi, baba wa aliyepigwa amepokea mkono, tumeomba, tumekula. Aliyepigwa hakuwapo, au alikuwapo akipakua chakula. Na mapigo hayana subira: majuma mawili yakipita, daktari hatakuta cha kuandika. Iko fomu ya polisi, PF3, ambayo daktari hujaza aliyoyaona mwilini. Siyo silaha ya kulipiza kisasi. Ni kumbukumbu tu, kama daftari la mahudhurio, na mtu aliyepigwa anayo haki ya kuwa nayo hata kama baadaye atachagua kusamehe. Ila aliye hatarini apelekwe hospitali kwanza. Fomu ifuate nyuma.

Mlinzi hakutajwa jina. Ndiye aliyewafunga katika mkatale, na ndiye aliyewatoa, na mikono iliyokaza zile mbao ndiyo iliyoshika maji. Luka hasemi alijitetea kwamba aliagizwa, ingawa kweli aliagizwa. Hasemi pia kwamba Paulo alimwuliza. Asema aliwaosha, akawapandisha nyumbani kwake, akawaandalia meza.

Walipotoka mle, Paulo na Sila waliingia nyumbani kwa Lidia, wakawaona ndugu, wakawatia moyo. Kisha wakashika barabara ya Amfipoli na Apolonia hata Thesalonike, mwendo wa yapata kilomita 160, na mgongo ungali haujapoa. Na baadaye, alipowaandikia Wathesalonike waraka wa kwanza, Paulo aliwakumbusha waziwazi katika sura ya 2 kwamba walipofika kwao walikuwa wanatoka kuteswa na kutendewa jeuri kule Filipi, jambo ambalo wasomaji wake walilijua, kwa maana waliwapokea nyumbani mwao katika hali ile.